Kambi za likizo huharibikia chooni na jikoni, si jukwaani

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini kwako tuzungumze na wazazi na viongozi wa dini kabla shule hazijafungwa. Sisi ni walezi wa watoto na vijana katika Kanisa la Waadventista Wasabato huku milima ya Upare, ambako kanisa hili lilianzia kwa nchi yetu mwaka 1903. Ikifika Juni, kazi yetu ni kambi tu: kambi za Wavumbuzi, kambi za Watafuta Njia, mikutano ya vijana, na makambi yenyewe, yaani mkutano wa kanisa zima ambao familia huhamia uwanjani. Wasomaji wa madhehebu na dini nyingine wana Utoto Mtakatifu wao wa Kikatoliki, UKWATA yao ya wanafunzi Wakristo, na madrasa zao za likizo. Majina yanatofautiana, lakini sufuria na mashimo ya choo ni yaleyale.

Kila mwaka husikika malalamiko mawili. Wazazi wanasema makanisa yamezidisha mambo, mtoto anarudi shule amechoka kuliko siku aliyofunga. Viongozi nao wanasema wazazi huleta mtoto kambini kama kifurushi, hana blanketi wala fomu, na namba ya simu waliyoiandika haipatikani. Kila upande una haki yake. Maoni yetu ni kwamba wingi wa shughuli siyo shida kubwa kama watu wanavyodhani. Shida ni kwamba kila idara hupanga peke yake, kisha fedha na nguvu za maandalizi huishia kwenye muziki, fulana na mgeni rasmi, huku maji, choo, chakula na usingizi vikiachiwa mashemasi siku mbili kabla ya kuanza.

Tuanze na kalenda. Chukua nyumba moja ya kawaida: baba ni mzee wa kanisa, mama yuko Dorkasi, idara ya akina mama ya kusaidia wahitaji, na watoto ni watatu. Wa miaka 7 ni Mvumbuzi, kwa kuwa Wavumbuzi ni wa miaka 4 hadi 9. Wa miaka 12 ni Mtafuta Njia, yaani kundi la miaka 10 hadi 15. Mkubwa, wa miaka 17, anaimba kwaya ya vijana. Likizo ya Juni ina takriban wiki nne. Wiki ya kwanza wa pili anaenda kambi ya Watafuta Njia. Wiki ya pili ni makambi ya mtaa, yaani makanisa kadhaa yaliyo chini ya mchungaji mmoja, nyumba nzima inahamia uwanjani kuanzia Jumapili hadi Sabato. Wiki ya tatu mdogo ana siku tatu za Wavumbuzi, na mkubwa ana mkutano wa vijana mkoa wa jirani. Wiki ya nne ni ya nguo, nywele na daftari, lakini kwaya imealikwa kwenye makambi ya mtaa mwingine. Hapo ndipo penye mtego ambao wageni hawauoni: makambi hufuatana mtaa kwa mtaa kuanzia Juni mpaka Septemba, na kwaya nzuri hualikwa kila mahali. Nani amevuna maharage? Nani atavunja mahindi ya masika mwezi Julai? Mara nyingi ni mama, na ni huyohuyo aliyepangwa jikoni kambini.

Gharama nayo ihesabiwe kwa nyumba, isihesabiwe kwa mtoto. Tuseme mchango wa kambi ni shilingi 30,000, fulana 15,000, na nauli ya kwenda na kurudi 20,000. Kwa mtoto mmoja ni 65,000, na kiongozi wa idara huona ni fedha ya kawaida. Kwa watoto watatu ni 195,000 ndani ya mwezi mmoja, kabla ya sadaka ya makambi na kabla ya sare. Idara tatu zimeomba kidogo kidogo na hakuna aliyejumlisha.

Dawa yake ni karatasi moja. Katibu wa kanisa akusanye tarehe za idara zote na azisome katika kikao kimoja cha baraza kabla ya Machi kwisha. Zisomwe kwa majina ya familia, kwa sababu kalenda ya idara ikisomwa peke yake huwa safi daima. Ukisema "nyumba fulani ina watoto katika makundi matatu, wote wanaondoka wiki moja", mgongano unaonekana palepale na idara moja inasogea. Sisi tunapendekeza kambi moja tu ya kulala nje kwa kila mtoto kwa likizo, ukiacha makambi ya familia nzima, na siku tano za mwisho kabla ya kufungua shule zisiguswe na mtu. Walio madarasa ya mitihani wapewe ruhusa ya kukosa bila kuulizwa imani yao.

Fulana ziagizwe mwisho, baada ya fomu kurudi na vipimo. Anayeagiza kwa makadirio hubaki na saizi kubwa ishirini na watoto kumi wanaolia.

Sasa tuingie kambini. Tutatumia mfano wa watoto 120 na watu wazima 20, jumla 140, kwa siku sita, kwa sababu huo ndio ukubwa ambao mitaa mingi huujaribu.

Maji kwanza. Kipimo kinachotumika hata kwenye kambi za wakimbizi ni lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia, kunawa na kuoga. Kwa watu 140 ni lita 2,100 kila siku. Maana yake simtanki la lita 2,000 huisha kabla ya usiku, na aliyesema "tuna simtanki, maji yapo" amesema kuhusu siku moja kati ya sita. Andikeni mapema nani anajaza, saa ngapi, kwa pampu ipi au kwa gari lipi. Maji ya kunywa yatenganishwe. Ukikadiria lita 3 kwa mtu, ni lita 420, yaani ndoo 21 za lita 20 kila siku. Kwa vidonge vya kutibu maji vya lita 20 ni vidonge 21 kwa siku, na 126 kwa kambi yote. Someni pakiti, kwa kuwa vidonge havilingani nguvu. Subirini dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi na yaachwe yatulie, kwa sababu tope humeza klorini na dawa inakwisha kabla haijawafikia vijidudu. Ndoo ya kunywa iwe na bomba. Mkichota kwa kikombe, mikono 140 imeingia humo kabla ya saa sita mchana.

Vyoo: tundu moja kwa watu 20, kwa hiyo saba. Manne ya wasichana na matatu ya wavulana, na bado foleni ya wasichana itakuwa ndefu zaidi. Shimo liwe angalau mita 30 kutoka kisima au kijito, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Lisiwe mbali sana na mahema pia. Likizidi mita 50, mtoto wa miaka 8 hatakwenda saa nane za usiku, atajisaidia nyuma ya hema, na kesho yake nzi watatoka pale wakaenda moja kwa moja kwenye sahani. Kwa siku sita kina cha mita moja na nusu kinatosha. Wekeni taa ya sola kwenye njia, na nyingine ndani. Katika kila choo cha wasichana kuwe na ndoo yenye mfuniko kwa ajili ya pedi, na mlezi wa kike mmoja ajulikane kuwa ndiye anayeimwaga na kuichoma. Bila hivyo zitatupwa shimoni au zitafichwa kwenye begi, na msichana atashinda hemani akisema anaumwa tumbo.

Nje ya kila choo pawe na kibuyu chirizi. Tunakieleza kwa kirefu kwa sababu vingi tunavyoviona vimetengenezwa kinyume. Chukua dumu la lita 5 lenye mpini. Pasha msumari moto, toboa tundu moja tu upande wa mbele, sentimita kama 12 chini ya mfuniko. Kosa kubwa ni kutoboa chini: dumu linachuruzika mchana kutwa, na ikifika saa ya kula ni tupu. Tundu likiwa juu, maji hukaa salama chini yake na hutoka pale tu dumu linapoinamishwa. Pitisha fimbo kwenye mpini, ilaze juu ya miti miwili yenye panda, kimo cha kifua cha mtoto mdogo zaidi kambini. Usipime kwa kifua cha fundi. Funga kamba shingoni mwa dumu, ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Kijiti kining'inie sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Kamba ikiwa fupi, kijiti hukaa juu mno kwa mguu wa mtoto. Ikiwa ndefu, mguu wa mtoto unagusa chini kabla dumu halijainama, naye anaondoka hajanawa. Kipande cha sabuni ya mche kitobolewe na kuning'inizwa ndani ya soksi, vinginevyo kitadondoka udongoni. Chini mwaga kokoto, maana siku ya pili pale panakuwa bwawa. Kila kibuyu kinatosha watu 40 hivi kabla ya kujazwa tena, kwa hiyo pangeni watoto wa zamu wa kujaza kabla ya kila mlo, na wekeni vingine vitatu karibu na jiko. Watoto hupenda kukitengeneza wenyewe, na kwa Watafuta Njia ni somo zuri la mafundo ya kamba kuliko kufunga mafundo hewani.

Jikoni sasa, ambako ndiko kwenye makosa yanayolaza kambi nzima. Vipimo kwa mlo mmoja wa watu 140: sembe kilo 31 kwa ugali, au mchele kilo 18, maharage makavu kilo 10. Uji wa asubuhi ni unga kilo 5 kwa lita 42 za maji, na sukari kilo 2. Serikali ilikwisha kuelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo anayepanga kambi leo apange gesi: jiko la ardhini lenye miali mipana linalobeba sufuria kubwa, kizuizi cha upepo cha bati, na mtungi wa akiba uliojaa. Upepo wa mlimani huiba nusu ya moto, na mpishi mgeni hufikiri gesi ni mbovu.

Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive polepole. Hizo dakika 10 zina sababu. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili, ambayo moto mkali huivunja lakini moto mdogo hauiwezi. Sufuria la kilo 10 likiwekwa kwenye moto hafifu tangu mwanzo, maharage yanaweza kulainika nje na sumu ikabaki. Watoto hutapika saa moja hadi tatu baada ya kula, wote pamoja, na wazazi huanza kutaja mafuta mabaya au mkono wa mtu.

Kwetu Waadventista kuna jambo la ziada: Sabato. Huanza jua linapokuchwa Ijumaa na kwisha jua linapokuchwa Jumamosi, na upishi wote hutakiwa uwe umekwisha siku ya maandalio, yaani Ijumaa. Jambo la pembeni lakini hukwaza: saa za kuchwa jua si moja nchi nzima. Mwezi Juni jua huchwa Dar es Salaam kama saa 12:15 jioni, na Mwanza kama saa 12:50. Ratiba iliyochapwa Dar ikipelekwa kambi ya Mwanza bila kusahihishwa, wapishi wanafukuzwa jikoni zaidi ya nusu saa mapema, na chakula kinaepuliwa kibichi.

Kosa lenyewe la Sabato ni wali. Unapikwa Ijumaa alasiri, unaachwa kwenye sufuria kubwa lililofunikwa, unaliwa Jumamosi mchana. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu, huamka, huzaliana, na hutoa sumu ambayo haivunjiki hata ukipasha upya hadi uungue. Sufuria kubwa hupoa polepole sana, katikati pakabaki na joto hilohilo la kuwalea usiku kucha. Kwa hiyo kauli yetu ni fupi: wali usilale kambini. Wapo wanaoruhusu kupasha chakula siku ya Sabato na wapo wasioruhusu, na hatutaki kuanzisha ubishi huo gazetini. Anayeruhusu apashe maharage hadi yachemke kabisa kwa dakika 10, asiishie kwenye uvuguvugu. Wali hauokolewi na ruhusa hiyo.

Mpango unaofanya kazi ni huu. Ijumaa, mlo wa moto uliwe mapema, saa 11 jioni, na sufuria zioshwe kabla ya kufungua Sabato. Jumamosi asubuhi na mchana ni chakula kikavu: chapati, mkate, karanga, parachichi, ndizi mbivu, machungwa. Chai ya mchaichai au rosella iwekwe kwenye chupa ikiwa inatokota. Baada ya kufunga Sabato, jua likishazama, ndipo mlo mkubwa wa moto upikwe, na watoto huwa na njaa ya kuusifu. Ubaya wake ni chapati. Tatu kwa mtu ni 420. Kilo moja ya unga hutoa kama 13, kwa hiyo ni kilo 33 za unga, na wapishi wanne wenye vikaango vinne watakaa saa nne au tano. Waanze saa 2 asubuhi ya Ijumaa, wasingoje baada ya chakula cha mchana. Chapati zisifunikwe zikiwa moto. Mvuke hugeuka maji, zinalowa, na kesho yake zina harufu. Zipoe kwanza kwenye ungo, zifunikwe kwa kitambaa, ziwekwe kwenye chombo chenye mfuniko zikishapoa. Mifuko ya plastiki hapana. Kama wapishi wanne hawapo, nunueni mikate na muwe na amani.

Kuhusu mahema tutasema kidogo. Juni na Julai ni kipupwe: Upare, Lushoto, Mbeya na Njombe usiku huuma. Baridi inayomsumbua mtoto hutoka chini zaidi kuliko juu. Turubai, kisha mkeka, kisha blanketi la chini, ndipo la juu. Mzazi mwenye blanketi mbili alaze moja chini ya mtoto.

Usingizi ndio unaoibiwa zaidi, na mwizi ni ratiba. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 au zaidi za kulala. Ratiba nyingi huamsha saa 11 alfajiri kwa maombi na huzima taa saa 5 usiku baada ya moto wa kambi. Hizo ni saa 6. Siku mbili za kwanza hakuna anayeona kitu kwa sababu ya furaha. Siku ya nne zinaanza ngumi, mafua, na watoto kuanguka kwenye kwata. Kuanguka huko wengi hukuita mapepo au upungufu wa damu. Kawaida ni mtoto aliyesimama imara bila kutikisika, magoti yamekazwa, hajanywa uji, jua likipanda. Damu hubaki miguuni. Uji uje kabla ya gwaride, ukaguzi wa sare usizidi dakika 15, na waambiwe wachezeshe vidole vya miguu ndani ya viatu. Aliyeanguka alazwe chali, miguu iinuliwe, asikalishwe kwenye kiti. Akichelewa kuamka, au akianza kutetemeka, huyo apelekwe zahanati.

Fomu ya mtoto iwe na namba mbili za simu za watu wawili tofauti, dawa anazotumia na saa zake, na majibu ya maswali haya bila kuzungukazunguka: ana pumu, kifafa, siki seli, anakojoa kitandani? La mwisho wazazi hulificha kwa aibu, na aibu yenyewe humwangukia mtoto mbele ya wenzake kumi. Ukiandika, mlezi atamwamsha saa 5 usiku na hakuna atakayejua. Mwenye siki seli apewe blanketi la ziada, maji ya kutosha, na asiogeshwe maji baridi alfajiri. Kadi ya bima ije yenyewe, picha ya kwenye simu huleta mabishano dirishani.

Homa nayo ina hesabu yake. Malaria huchukua siku saba au zaidi tangu mbu alipouma hadi dalili. Homa ya siku ya tatu, ikipimwa ikaonekana ni malaria, mtoto alikuja nayo kutoka nyumbani, haikutoka kambini. Homa inayoanza wiki mbili baada ya kurudi ndiyo inayoweza kuwa ya kambini, na mzazi amwambie daktari mtoto alilala wapi. Kwa kuhara, pakiti moja ya dawa ya chumvichumvi (ORS) kwa lita moja ya maji safi, na atakayehara damu au kushindwa kunywa asisubiri ibada iishe. Kambi za kandokando ya Ziwa Victoria zisiruhusu kuoga ziwani, hata kama kiongozi anajua kuogelea. Kuna kichocho, kuna mamba, na kuhesabu vichwa ndani ya maji hakuwezekani.

Kuhusu ulinzi wa watoto tunasema wazi, maana hapa ndipo heshima ya dini hutumika kufunika mambo. Mlezi mmoja kwa watoto wanane. Mtu mzima asilale peke yake hemani na watoto, na asimchukue mtoto faragha kwa ushauri au maombi mahali pasipoonekana na wengine, awe mchungaji, awe mwalimu wa kwaya. Wakesha wawe wawili wawili kwa zamu ya saa tatu, mmoja wao mwanamke upande wa wasichana. Watoto wahesabiwe kwa majina mara tatu: asubuhi, mchana, kabla ya kulala. Siku ya kwanza watoto wote wafundishwe namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, na iandikwe kwa chaki mlangoni pa jiko ambako kila mtu hupita. Likitokea jambo, linakwenda Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haijatoa nafasi kwa baraza la wazee kulimaliza kwanza.

Usafiri: kiti kimoja, mtoto mmoja. Coaster ya watu 30 haibebi 48 kwa sababu ni wadogo. Fuso la mizigo libebe mahema na sufuria, lisibebe watoto juu yake, hata kama wanaimba vizuri. Ombeni askari wa usalama barabarani akague gari jana yake, wala siyo asubuhi ya safari watoto wakiwa wameshapanda, kwani gari likikataliwa saa hiyo hakuna mwenye moyo wa kuwashusha. Ondokeni mchana, mfike mchana.

Siku ya kufunga, kabla ya picha na vyeti, kila kundi lirudi kwenye choo chake na koleo. Shimo lijazwe udongo mpaka ufanye kichuguu kidogo, maana utazama baada ya mvua za vuli na kuacha bonde. Vibuyu viteguliwe, madumu yaoshwe, misumari iokotwe. Ndipo watoto wakabidhiwe, mmoja mmoja, kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu, naye atie sahihi na saa. Akija mjomba asiyeandikwa, hata kama mtoto anamkimbilia na kumwita, mlezi apige kwanza namba ya mzazi na asubiri apokee.

Walezi wa watoto na vijana,
Same, Kilimanjaro